Rangi ya Breki na Pumzi ya Fundi

Magari madogo ya kasi, yanayoletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, yanapendwa sana na vijana wa Mwanza. Kupitia matundu ya rimu zake huonekana kalipa, kifaa cha chuma kinachozibana pedi za breki kwenye diski ili gurudumu lisimame. Kalipa za baadhi ya magari hayo hupakwa rangi nyekundu au ya dhahabu tangu kiwandani. Miaka inapopita rangi hiyo hufifia: joto la breki huiunguza, vumbi la pedi hugandamana nayo, na matope na kokoto za barabarani huikwaruza. Mwenye gari humwendea fundi rangi, naye huirudishia kalipa mng'ao wake kwa siku moja.

Kazi yenyewe ni ndogo, na malipo yake ni madogo. Hata hivyo, ndani yake zimo karibu hatari zote kubwa ambazo kazi ya gereji huyaletea mapafu, ngozi, damu na ubongo. Makala haya yanaifuata kazi hiyo hatua kwa hatua, ili fundi ajue namna ya kujikinga na mhudumu wa afya ajue la kuuliza.

Hatua ya kwanza: vumbi

Gurudumu likishafunguliwa, mafundi wengi hulipuliza vumbi jeusi kwa upepo wa kompresa, kisha husugua kalipa kwa brashi ya waya na msasa. Vumbi hilo lina chembe za chuma, shaba na kaboni. Pedi za zamani, na zile zisizojulikana zilikotengenezwa, huweza pia kuwa na asbesto. Nyuzi za asbesto ni nyembamba mno, hazionekani kwa macho, na zikishaingia ndani kabisa ya mapafu hubaki humo. Huleta makovu ya mapafu, saratani ya mapafu na saratani ya utando wa mapafu iitwayo mesotelioma. Madhara hayo mara nyingi hujitokeza miaka 20 hadi 40 baadaye. Kijana anayejifunza ufundi leo akiwa na miaka 18 anaweza kuugua akiwa mtu mzima mwenye familia, wakati ambapo hakuna atakayeikumbuka kompresa ile.

Kinga ya hatua hii ni rahisi: maji. Vumbi lilowanishwe kwa maji ya sabuni na kufutwa kwa kitambaa kibichi, kisha kitambaa hicho kifungwe kwenye mfuko kabla hakijakauka. Upepo wa kompresa usitumike kabisa, na msasa utumike ukiwa umelowa.

Hatua ya pili: kuondoa grisi

Rangi haishiki juu ya grisi. Kwa hiyo kalipa huoshwa kwa petroli, tina au dawa ya kusafishia breki. Petroli ina benzini, kemikali inayoharibu uboho wa mifupa. Mtu anayekutana nayo kwa miaka mingi huweza kupungukiwa damu au kupata saratani ya damu. Tina mara nyingi huwa na toluini na zailini, ambazo huleta kizunguzungu, maumivu ya kichwa na usingizi, na baada ya miaka mingi huweza kudhoofisha kumbukumbu. Baadhi ya dawa za kusafishia breki zina klorini. Mvuke wake ukikutana na moto wa kuchomelea huweza kutoa gesi ya fosjini, ambayo huyajaza mapafu maji saa kadhaa baada ya kuvutwa, hata kama mtu alijiona mzima alipoondoka kazini.

Kunawa mikono kwa petroli ni desturi ya gereji nyingi. Petroli huondoa mafuta ya asili ya ngozi, ikaacha mipasuko, na kemikali hupita humo kuingia mwilini. Sabuni na maji vinatosha kwa kazi hiyo. Mabaki ya tina nayo yasimwagwe mtaroni, kwa kuwa mitaro ya mjini huelekea mto Mirongo, na Mirongo huingia ziwani.

Hatua ya tatu: rangi

Baadhi ya rangi za magari huchanganywa na hadina, kiungo kinachoifanya rangi ikauke na kuwa ngumu. Hadina nyingi zina kemikali za jamii ya aisosayaneti, mojawapo ya visababishi vikuu vya pumu ya kazini duniani. Kwa miezi au miaka fundi huzivuta bila kuona lolote. Kisha mwili wake huzitambua kuwa adui, na tangu siku hiyo kiasi kidogo sana hutosha kumbana kifua. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kazi ya upakaji rangi yenyewe katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Wapo mafundi wanaoamini kwamba kunywa maziwa baada ya kazi husafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni. Hayafiki kwenye mapafu na hayawezi kuondoa kilichoingia humo. Kitambaa kinachofungwa puani, au barakoa ya hospitalini, navyo havizuii mvuke. Kinachohitajika ni barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa vinavyobadilishwa kwa wakati, na kwa rangi zenye hadina, ikiwezekana, kofia inayoletewa hewa safi kwa bomba. Kazi ifanyike mahali pa wazi penye upepo, mbali na watoto, mama lishe na watu wengine. Palipo na rangi ya kopo inayostahimili joto na isiyo na hadina, hiyo ndiyo ya kuchagua kwa kalipa.

Swali ambalo halina budi kuulizwa

Mwaka 1700, daktari Mwitalia Bernardino Ramazzini aliwahimiza wenzake wamuulize kila mgonjwa kazi anayoifanya. Swali hilo bado lina kazi Mwanza. Fundi mwenye kikohozi cha wiki kadhaa hupimwa kifua kikuu kwanza, na ni sawa kabisa. Lakini makohozi yanapoonekana hayana vimelea, na dawa za nimonia zimetolewa mara ya pili bila nafuu, mhudumu aulize: Unapaka rangi au unafanya kazi karibu na wanaopaka? Kifua hubana zaidi jioni na usiku baada ya kazi? Hupata nafuu siku za mapumziko au ukisafiri kwenda kijijini?

Majibu ya ndiyo yanaelekeza kwenye pumu ya kazini. Palipo na kifaa cha kupima nguvu ya pumzi, mgonjwa apulize angalau mara nne kwa siku kwa wiki kadhaa, siku za kazi na za mapumziko, na vipimo viandikwe. Dawa za kuvuta husaidia, lakini tiba iliyo muhimu zaidi ni kumwondoa kwenye mvuke. Akiondolewa mapema, anaweza kupona. Akiachwa humo, pumu huweza kuwa ya kudumu. Si lazima aache ufundi: kunyoosha bodi, umeme wa magari na kazi za injini ni riziki pia, iwapo zitafanyika mbali na spreyi.

Kazi ya mgonjwa iandikwe katika faili lake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri kutoa vifaa vya kinga, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inatambua magonjwa yatokanayo na kazi. Mwajiriwa asiye na maandishi ya daktari atapata shida kudai haki yake. Fundi aliyejiajiri hana mwajiri wa kumdai. Kwake yeye kinga ndiyo fidia.

Mwenye gari naye ana sehemu yake. Rangi ikidondokea kwenye pedi au diski, gari huweza kushindwa kusimama. Kwa hiyo sehemu hizo zifunikwe, na breki zijaribiwe kwa mwendo mdogo kabla ya kuingia barabarani. Na anapopatana bei, aulize pia iwapo fundi ana barakoa inayofaa, kisha aiongeze gharama ya vichujio katika malipo.