Dawa ya Magugu Yaonekana Katika Mvinyo: Je, Mahamri Yetu Yamesalimika?

Ijumaa moja baada ya sala ya laasiri nilikuwa nimeketi barazani katika Mji wa Kale, Mombasa, pamoja na wazee wenzangu, kahawa tungu ikizunguka na sahani ya visheti katikati. Kijana mmoja wa mtaani petu, aliyerejea likizo kutoka Uingereza anakofanya kazi, akatuhadithia kwamba huko Ulaya na Marekani mvinyo na bia zimepimwa, zikaonekana zina dawa ya kuulia magugu. Baraza zima likaangua kicheko. Mzee mmoja akainua kikombe chake cha kahawa na kusema, "Alhamdulillahi! Hilo ni lao na chupa zao. Sisi Mola alituepusha nalo zamani."

Hatua chache kutoka hapo kuna bi mkubwa anayekaanga mahamri kila jioni. Alikuwa akitusikiliza huku akigeuza mahamri yake karaini. Akauliza bila ya kuinua macho, "Na ngano je, wanangu? Huu unga nipikiao mimi, ngano yake si yatoka huko huko kwao?"

Kicheko kilikatika. Mimi ndiye ninayeitwa mwandishi pale barazani, basi macho yote yakanigeukia. Nikaona haya kusema sijui. Nikamwahidi bi mkubwa kwamba nitamtafutia jawabu, na haya ninayoyaandika leo ndiyo niliyoyapata.

Dawa yenyewe yaitwa glaifoseti. Mwanakemia John Franz wa kampuni ya Monsanto ya Marekani ndiye aliyeitambua mwaka 1970 kuwa yaua magugu, na mwaka 1974 ikaingia sokoni kwa jina la Roundup. Haki ya kampuni hiyo ya kuitengeneza peke yake ilipomalizika Marekani mwaka 2000, viwanda vingine vikaishika, kila kimoja na jina lake, na bei ikateremka hata mkulima wa ekari moja akaimudu. Leo hakuna dawa ya magugu inayotumiwa zaidi yake duniani.

Ufundi wake ni kwamba haichomi jani tu na kuuacha mzizi ukachipua tena. Huingia kwa jani, ikashuka na utomvu mpaka mzizini, na huko huzuia kazi moja ambayo mmea hauwezi kuishi bila yake. Kazi hiyo haimo katika mwili wa mwanadamu wala wa mnyama, na hapo ndipo watengenezaji waliposimama waliposema kwamba dawa hii yaua nyasi na kumwacha mtu salama. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ya kuingia ndani ya mmea, kuosha hakuitoi yote. Hata moto wa jikoni hauifanyi kitu kikubwa.

Sasa yaingiaje katika mvinyo? Mizabibu hupandwa kwa safu, na magugu huota chini ya mashina. Zamani watu waliyalima kwa jembe, kazi ya kuvunja mgongo. Siku hizi mtu hupita na pampu au trekta akanyunyiza safu nzima kwa asubuhi moja. Kidogo hupeperushwa na upepo, kidogo hupita udongoni, na katika hicho kidogo kingine hufika kwenye zabibu. Bia nayo huipata kwa njia ya shayiri.

Wajerumani ndio waliopata aibu kwanza. Mwaka 2016 walikuwa wakiadhimisha miaka 500 ya sheria yao ya mwaka 1516 iliyoamuru kwamba bia isitiwe ila maji, shayiri na hopi. Februari ya mwaka huo huo Taasisi ya Mazingira ya mjini Munich ikatangaza kwamba imezipima bia 14 mashuhuri na zote zimeonekana na glaifoseti. Iliyokuwa na kidogo kabisa ilikuwa na maikrogramu 0.46 kwa lita, na iliyozidi ikafika 29.74. Maikrogramu moja ni gramu moja iliyokatwa vipande milioni, kwa hivyo si nyingi. Lakini kwa maji ya kunywa Ulaya huruhusu dawa moja isizidi maikrogramu 0.1 kwa lita. Ofisi ya serikali ya Ujerumani inayochunguza hatari za vyakula ikajibu kwamba mtu angepaswa anywe kama lita 1,000 za bia kwa siku ndipo dawa hiyo imdhuru. Mzee wetu wa kahawa aliposikia hayo alisema anywaye hata sehemu ya mia ya hizo hangoji kuuliwa na dawa ya magugu.

Marekani nao, Februari 2019, chama cha kutetea wanunuzi kiitwacho U.S. PIRG kilipima vinywaji 20, bia 15 na mvinyo aina 5. Kati ya hivyo 19 vilikuwa na dawa. Kilichozidi vyote kilikuwa mvinyo wa California, maikrogramu 51 na kitu kwa lita. Hata baadhi ya vile vilivyouzwa kwa sifa kwamba mashamba yake hayatiwi dawa vilikuwa nayo kidogo.

HESABU YA GUNIA

Hapa ndipo swali la bi mkubwa liliponishika shati. Kelele zote zile za magazeti zilikuwa juu ya maikrogramu 51 ndani ya chupa. Lakini Jumuiya ya Ulaya kwa sheria yake huruhusu kilo moja ya ngano iwe na glaifoseti mpaka miligramu 10, yaani maikrogramu 10,000. Hizo ni karibu mara 200 ya ule mvinyo uliopigiwa kelele. Marekani huruhusu miligramu 30. Sisemi kwamba kila gunia lina kiasi hicho. Aghalabu huwa chini yake kwa mbali, na mengi hayana kitu. Nasema kwamba mlango uliofunguliwa kwa ngano ni mpana zaidi, na anayeingia kwa mlango huo ni mla mkate, awe ni mlevi au ni imamu.

Kwa nini ngano iruhusiwe zaidi? Kwa sababu katika nchi za baridi, kama Uingereza na Kanada, mvua huweza kuikuta ngano kabla haijakauka sawasawa, na magugu mabichi humsumbua mvunaji. Basi wakulima walijifunza kunyunyiza dawa juu ya ngano yenyewe ikiwa imekwisha kukomaa, wiki moja au mbili kabla ya kuvuna. Kwa mzabibu dawa hupita chini. Kwa ngano hiyo hutiwa juu ya suke. Mtu hahitaji shahada ya chuo kikuu kuona tofauti.

Italia iliupiga marufuku mtindo huo mwaka 2016. Novemba 2023 Jumuiya ya Ulaya iliiongezea dawa hii ruhusa ya miaka 10 zaidi, mpaka mwaka 2033, lakini ikakataza isitumiwe kukaushia mazao ili kuchagua siku ya kuvuna. Lakini ngano ishukayo katika bandari yetu ya Kilindini haitoki Ulaya peke yake. Kenya hulima ngano Narok na Uasin Gishu, nayo haitoshi hata nusu ya haja yetu; sehemu kubwa huletwa kwa meli kutoka Urusi, Argentina, Australia na kwingineko. Australia na Kanada bado huruhusu kunyunyiza kabla ya kuvuna.

Ngano ikisagwa, dawa nyingi hubaki katika pumba kuliko katika unga mweupe. Kwa hivyo yule anayenunua unga wa atta kwa ajili ya afya yake, na mimi ni mmoja wao kwa amri ya daktari, ndiye apataye zaidi ikiwa ngano ilikuwa na dawa. Sikuacha atta yangu. Faida ya pumba kwa mwenye sukari ni jambo lililothibitika, na hili bado lina mabishano.

Na mabishano yenyewe si madogo. Machi 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Ulimwenguni na lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilisema kwamba glaifoseti yaelekea kuwa inaleta saratani kwa binadamu. Novemba mwaka huo huo wakaguzi wa vyakula wa Ulaya wakasema haielekei. Serikali ya Marekani ikasema vivyo hivyo. Mwaka 2016 kamati ya wataalamu wa FAO na Shirika la Afya Ulimwenguni lile lile ikasema kwamba kwa njia ya chakula haielekei kuleta saratani.

Nilipoyasoma haya mara ya kwanza nilidhani kuna upande unaosema uongo. Baadaye niliona kwamba maswali yao ni mawili mbalimbali. Wa Lyon wameuliza: je, simba huyu anauma? Wale wengine wameuliza: je, atakufikia ulipo? Simba wa tunduni Nairobi ni simba kweli, lakini hamtishi aliyelala Kibokoni. Kwa hesabu ya Ulaya, mtu wa kilo 60 anaweza kula miligramu 30 za dawa hii kila siku ya maisha yake bila ya kudhurika. Ikiwa ngano yake ina kiasi cha juu kabisa kinachoruhusiwa huko, itambidi ale kilo tatu kwa siku, na hata katika Ramadhani, kwa kaimati na sambusa zote zile, sijamwona mtu wa kuzimaliza. Kwa mtoto wa kilo 10 ni nusu kilo, na hapo sicheki tena.

Kwetu sisi neno halali halijapata kutembea peke yake. Huandamana na lile la pili, kwamba chakula kiwe chema na safi. Tumezoea kumwuliza mchinjaji kisu chake. Mwenye gunia hatumwulizi kitu. Maharagwe mabichi tunayowapelekea Wazungu hupimwa: mwaka 2013 Ulaya iliamuru kila mizigo 10 ya maharagwe na njegere kutoka Kenya mmoja wake upimwe dawa, na wakulima wetu wakajifunza kwa uchungu. Vipimo hivyo vipo nchini, na wataalamu wapo. Ningependa kuyaona matokeo ya ngano ya Kilindini yakichapishwa gazetini kama yanavyochapishwa majira ya maji kujaa na kupwa.

ANAYEBEBA PAMPU

Katika kusoma kwangu niligundua jambo ambalo barazani hatukulitia maanani. Wale wa Lyon, ushahidi wao kwa binadamu haukutoka kwa wala mkate wala kwa wanywa mvinyo. Ulitoka kwa watu wanaonyunyiza. Dewayne Johnson, aliyekuwa akitunza viwanja vya shule huko California, alipatwa na saratani ya tezi baada ya kazi hiyo. Agosti 2018 baraza la mahakama mjini San Francisco liliamuru alipwe dola milioni 289. Rufani zikazikata mpaka milioni 20 na nusu. Kampuni ya Bayer ya Ujerumani, iliyoinunua Monsanto mwaka huo huo wa 2018, haikubali mpaka leo kwamba dawa hiyo yaleta saratani, hata hivyo mwaka 2020 ilitenga zaidi ya dola bilioni 10 kumaliza kesi za maelfu ya watu. Kwetu, mwaka 2019, Gladys Shollei, aliyekuwa Mwakilishi wa Wanawake wa Uasin Gishu, alipeleka ombi Bungeni kutaka dawa za shambani zinazodhuru zipigwe marufuku.

Basi Ijumaa iliyofuata nikamwendea bi mkubwa na karatasi zangu. Nikamwambia masalkheri, nikavuta kibao, nikamweleza yote: bia, suke, pumba, simba. Alisikiliza vizuri. Mwisho akauliza, "Kwa hivyo huu unga niutupe?" Nikamwambia la, mama, usiutupe. Nikamweleza kwamba mwenye wasiwasi mkubwa ni yule mwenye pampu mgongoni, anayenyunyiza bila ya glavu wala buti, na upepo ukimrudishia dawa usoni.

Akanyamaza, kisha akasema, "Mjukuu wangu ndiyo kazi yake hiyo. Yuko Kwale, awapigia watu dawa mashambani kwa kibarua. Huenda na kandambili." Akainamia chini ya meza atie mafuta karaini.

Galoni aliyoitoa ilikuwa nyeupe, ya lita tano. Karatasi yake ilikuwa imebanduliwa lakini si yote. Pembeni palibaki kipande cha kijani chenye picha ya jani, na maandishi madogo ambayo bila ya miwani nisingeyasoma. Nikaishika. Nikamwuliza ameipata wapi.

"Ameniletea yeye," akasema. "Aliiosha kwa sabuni."

Nilimsomea kile kipande cha karatasi. Hakusema neno. Aliuzima moto, mahamri ya mwisho yakiwa bado hayajageuzwa, akamimina mafuta yote ya karaini na ya galoni ndani ya ndoo kuukuu ya taka. Halafu akachukua kile kisu chake cha kukatia unga, akaitoboa galoni ubavuni mara tatu, akaniomba simu yangu ampigie mjukuu wake.