Kidonda cha Operesheni Kinapotoa Usaha

Mgonjwa akiruhusiwa kurudi nyumbani na mshono wake, jamaa hushangilia kana kwamba hatari imekwisha. Bado. Kidonda cha operesheni huweza kuingiwa na bakteria na kutunga usaha ndani ya siku 30, na anayekigundua mara nyingi ni sisi wa nyumbani.

Wagonjwa mahututi wa Shinyanga, Kahama na Geita hupelekwa Bugando, Mwanza, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Mwaka 2009 na 2010 madaktari wa hapo walifuatilia wagonjwa 250 waliofanyiwa operesheni kubwa. Vidonda vya wagonjwa 65 vilishambuliwa na bakteria, yaani zaidi ya mmoja kwa kila wanne. Nafuu ni kwamba vingi viliugua juujuu tu. Wavuta sigara walikuwa katika hatari zaidi. Vijana wa machimboni wasikie hilo.

Bakteria aliyeongoza anaitwa stafilokokasi. Makao yake ni puani na kwenye ngozi zetu wenyewe, hivyo mara nyingi adui hatoki mbali. Walimfuata E. koli na klebsiela, ambao huishi matumboni. Ndiyo sababu mgonjwa huambiwa aoge kwa sabuni kabla ya operesheni. Asijinyoe kwa wembe nyumbani, kwa maana mikwaruzo midogo ya wembe ni mlango wa bakteria.

Jambo lililowasumbua madaktari ni usugu. Baadhi ya stafilokokasi hao hawakusikia hata dawa za jamii ya kloksasilini, na kwa E. koli na wenzake dawa tulizozoea, kama ampisilini na septrini, mara nyingi hazikufua dafu.

Usugu huo unatoka wapi? Katika kundi la bakteria huwamo wachache wanaoweza kuhimili dawa. Dawa ikiua wanyonge, wale wachache hubaki na uwanja mzima, huzaana haraka sana, tena huwagawia bakteria wa aina nyingine uwezo wao. Sasa mfikirie mchimbaji wa Nyarugusu au Rwamgasa aliyechubuliwa na jiwe. Ananunua dukani vidonge vinne vya rangi mbili bila kupimwa, na maumivu yakipungua anaacha. Siku akipasuliwa ngiri, bakteria wale sugu wanaweza kuwa bado wamo mwilini mwake.

Wapo pia wanaofungua kapsuli na kunyunyiza unga wake juu ya mshono. Tunaomba sana jambo hili liachwe. Unga haufiki chini ya usaha, na unaweza kuwasha ngozi.

Hospitalini, muuguzi au daktari huchukua usaha kwa kijiti chenye pamba na kuupeleka maabara. Huko bakteria huoteshwa kwenye kisahani, kisha huwekewa vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa mbalimbali. Penye dawa inayowaua hubaki duara safi pembeni mwa karatasi. Penye dawa isiyowaweza, huota hadi ukingoni. Kazi hiyo huchukua siku mbili au tatu, na ni vizuri usaha uchukuliwe kabla dawa haijaanza. Lakini kidonda kilichoharibika juujuu huweza kupona kwa kufunguliwa nyuzi chache, usaha ukatolewa na kidonda kikasafishwa, bila kidonge chochote. Ndugu wanaomlaumu daktari kwa kutotoa dawa wanamwonea. Hata sindano ya kinga hutolewa kabla ya kupasuliwa, na tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri isiendelezwe baada ya operesheni.

Mshono ukivimba, ukawa wa moto, ukatoa usaha au harufu, au mgonjwa akapata homa, mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo. Chukueni cheti chake cha kuruhusiwa pamoja na pakiti za dawa zote alizokwisha kumeza, hata zile za dukani.