Parce que haikufikishi kwenye Kiflama

Wiki hii tena, mwanafunzi wa Kasulo, hapa Kolwezi, anayejiandaa kumfuata mumewe Antwerp ameniuliza: "Mwalimu, parce que kwa Kiflama" (yaani Kiholanzi cha Ubelgiji) "ni want ao omdat?"

Swali hili limenichosha, kwa sababu halina jibu. Yote mawili ni "kwa sababu". Kinachoyatenganisha kwanza ni mahali pa kitenzi. Baada ya want hakuna kinachohama: Ik blijf thuis, want ik ben ziek. Baada ya omdat kitenzi kinakwenda kukaa mwisho: omdat ik ziek ben.

Mzizi wa tatizo ni imani iliyotapakaa Kolwezi nzima, kwamba ajuaye Kifaransa amekwisha kujua nusu ya Kiholanzi, abadilishe maneno tu. Karatasi za safu mbili, Kifaransa kushoto na Kiflama kulia, zinapita mkono kwa mkono. Zitupeni! Sheria ya Wabelgiji ya 1908 kuhusu koloni ya Kongo ilizitambua lugha zote mbili, lakini darasani tuliachiwa Kifaransa, na hadi leo tunadhani kila lugha ya Wazungu lazima ipitie humo. Kiholanzi ni ndugu wa Kijerumani. Kifaransa hakisukumi kitenzi mwisho baada ya parce que. Halafu quand ya Kifaransa inafunika maneno mawili: toen, kwa jambo lililotokea mara moja zamani, na als, kwa lijalo au linalojirudia. Anayepitia Kifaransa hukwama hapo miezi. Ilhali Kiswahili cha vitabu kilikwisha kuyatenganisha ndani ya kitenzi chenyewe: nilipofika ni toen ik aankwam, nikifika ni als ik aankom. Mtoto wa Kasulo anaacha mlango wa nyumba yake ulio wazi, anakwenda kubisha kwa jirani.

Basi shikeni haya. Want, maar, en, dus, na of yenye maana ya "au": kitenzi kibaki palepale. Omdat, dat, als, toen, hoewel, terwijl: kitenzi mwisho. Daarom na daarna: kitenzi kimtangulie mtenda, daarom blijf ik thuis. Kundi moja kwa wiki, sentensi tano kila siku kuhusu maisha yako mwenyewe, usome kwa sauti.

Na wewe dada uliyeuliza, anza na want mpaka ulimi uzoee. Ila mtu akikuuliza waarom, yaani "kwa nini", jibu lako lianze na omdat, na kitenzi ukitamke mwisho.