Fahamu: Mganda, ngoma ya gwaride ya Ziwa Nyasa

Kaptula zilizopigwa pasi, soksi ndefu, mistari iliyonyooka: mgeni akifika kijiji cha Kihagara, Tanzania, wakati wa mganda anaweza kudhani ni gwaride. Hakosei sana. Ngoma hii ya wanaume ni ndugu ya beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, na ilienea baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, vijana walipoiga bendi na kwata za wanajeshi wa kikoloni. Tarumbeta za shaba hawakuwa nazo. Wakatoboa vibuyu, wakaziba tundu kwa utando wa buibui, sauti ikatoka na mvumo wake. Ubunifu huo mimi nauhusudu kuliko shaba yenyewe.

Wanawake wana ngoma yao, kioda. Ng'ambo ya ziwa, kaskazini mwa Malawi, mganda huitwa malipenga na kioda huitwa chioda; mpaka haujazitenga.