Diski Imejaa Nakala za Jana

Diski ya nakala rudufu ikijaa, wengi hukimbilia kununua nyingine. Mara nyingi hifadhidata yenyewe haina kosa. Kinachojaza diski ni mazoea ya kunakili kila usiku vitu vilevile vilivyonakiliwa jana.

Tuseme hifadhidata ina GB 200, na kwa siku hubadilika GB 4 tu. Ukinakili yote kila usiku, wiki nne zitakula GB 5,600. Ukichukua nakala kamili kila Jumapili, na siku sita zinazofuata ukachukua mabadiliko peke yake, utatumia GB 896. Mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL unaweza kazi hiyo bila programu ya pembeni tangu toleo la 17, lililotoka Septemba 2024. Ila washa kwanza mpangilio wa summarize_wal, maana huja umezimwa. Ndio unaoweka kumbukumbu ya kurasa zilizoguswa. Ukurasa mmoja ni KB 8, kwa hiyo jedwali kubwa lililobadilishwa mstari mmoja halibebwi lote.

Bei ya kunakili mabadiliko peke yake hulipwa siku ya kurejesha. Ikiwa kila nakala imejengwa juu ya ile ya jana yake, ya Ijumaa haisimami peke yake: inahitaji ya Jumapili na zote za katikati. Ya Jumanne ikiharibika, za Jumatano hadi Jumamosi hazikufai kitu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaochukua nakala kamili mara moja kwa mwezi, hata kama diski inawashukuru.

Faili la pg_dump, programu ya kunakili inayokuja na PostgreSQL, nalo huwa dogo kwa sababu halibebi fahirisi. Huandika tu amri ya kuzijenga upya, na kwa hifadhidata kubwa ujenzi huo huchukua saa nyingi. Na ukitaka kusimba nakala, bana kwanza. Data iliyokwisha kusimbwa haina kinachojirudia, hivyo haibaniki.

Lakini udogo wa nakala unaweza pia kuwa dalili kwamba kunakili kumeshindwa. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kimakosa data ya seva kuu. Nakala za pg_dump hazikuwepo: pg_dump ya toleo la 9.2 ilikuwa ikishindwa kunakili hifadhidata ya PostgreSQL 9.6, na barua pepe za tahadhari zilikuwa zikikataliwa. Walirejesha data kutoka kwenye picha ya diski iliyopigwa takriban saa sita kabla ya ajali. Yaliyoandikwa baada ya hapo yalipotea. Kwa hiyo nakala za usiku zikipungua ghafla, kabla hujafurahia nafasi, zirejeshe kwenye seva nyingine uhesabu mistari ya majedwali.