Marekani Yaamua, Urusi Yaamua: Kazi ya Graham Allison

Vichwa vya habari vya magazeti yetu vimezoea kauli fupi: Marekani yaonya, Urusi yatishia, China yakataa. Kitenzi kimoja, nchi nzima. Kisarufi hakuna kosa. Ila kauli hiyo imebeba dhana ambayo msomaji huimeza bila kutafuna, kwamba nchi ni kama mtu mwenye kichwa kimoja, nia moja, na mkono unaotii kichwa hicho. Mwaka 1969 Graham Allison, mwanazuoni kijana wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha makala iliyoichukua dhana hiyo na kuuliza inaeleza nini na inaficha nini. Miaka miwili baadaye makala hiyo ikawa kitabu, Essence of Decision.

Mbinu yake ilikuwa kuchukua tukio moja na kulieleza mara tatu. Tarehe 14 Oktoba 1962 ndege ya upelelezi ya Marekani aina ya U-2 ilipiga picha magharibi mwa Cuba, na wachambuzi wakaona humo vituo vya makombora ya Kisovieti vikijengwa. Asubuhi ya tarehe 16 Rais John F. Kennedy akapewa habari. Tarehe 22 akautangazia ulimwengu kwamba meli za kivita zitazuia silaha kuingia Cuba, na tarehe 28 kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, Nikita Khrushchev, akakubali kuyaondoa makombora. Maswali ya Allison ni matatu: kwa nini yalipelekwa, kwa nini Marekani ilijibu kwa kuzuia meli, na kwa nini yaliondolewa.

Kabla ya majibu, tufafanue neno moja. Kielelezo, kwa maana inayotumika hapa, ni picha iliyorahisishwa ya jinsi jambo linavyofanya kazi. Ramani ya barabara ni kielelezo cha nchi. Haionyeshi mvua, na hiyo haiwi dosari mpaka mtu aichukue kupangia kilimo.

Kielelezo cha kwanza ndicho kile cha vichwa vya habari. Allison anakiita cha mtendaji razini, yaani anayejua analotaka, anapima faida na hasara za kila njia, kisha anachagua iliyo bora. Kwa kielelezo hiki Umoja wa Kisovieti ulikuwa nyuma kwa makombora ya masafa marefu, ukaona kwamba ya masafa ya kati, yakiwekwa karibu na Marekani, yangepunguza pengo hilo na kumlinda kiongozi wa Cuba, Fidel Castro, asivamiwe. Marekani nayo ikapima: kunyamaza ni udhaifu, kushambulia ni vita, kuzuia meli kunaonyesha msimamo na kumwachia mwenzako nafasi ya kurudi nyuma. Maelezo haya yananyooka, na kwa sehemu kubwa yanaaminika.

Lakini zipo habari ndogo zisizoingia humo. Askari wa Kisovieti walishuka Cuba wamevaa mashati na suruali za kiraia ili wasijulikane. Walipofika gatini, anaeleza Allison, walijipanga safu za wanne wanne, wakaondoka kwa misafara ya malori. Kambini wakapamba maeneo yao kwa alama za vikosi vyao na nyota nyekundu. Vituo vya makombora navyo vilijengwa kwa mpangilio uleule uliotumika kwao Urusi, ambao wachambuzi wa picha wa Marekani walikuwa wameshaukariri, na havikufunikwa mpaka baada ya kugunduliwa. Mtu mmoja mwenye akili timamu hawezi kuficha kwa mkono wa kulia huku akifichua kwa mkono wa kushoto.

Hapa ndipo kinapoingia kielelezo cha pili, kile cha taasisi. Taasisi kubwa haikai kila asubuhi kufikiri upya. Ina taratibu za kudumu, yaani maelekezo yanayosema nani afanye nini, na kwa mfuatano gani, linapotokea jambo la aina fulani. Bila taratibu hizo jeshi lisingeweza hata kupika chakula cha mchana. Basi vyombo vilivyosafirisha makombora vilikuwa na desturi ya usiri, na safari ikafanyika kwa siri. Waliojenga vituo walikuwa wamezoea kujenga ndani ya nchi yao, ambako hapakuwa na haja ya kuficha chochote. Walipofika Cuba walijenga kama walivyofundishwa. Kwa kielelezo hiki, kile tunachokiita uamuzi wa serikali mara nyingi ni mazao ya taratibu zilizoandikwa miaka mingi kabla, na watu ambao hawakuwahi kuiota Cuba.

Marekani haikuwa tofauti. Kennedy alitaka kila meli ishughulikiwe kwa uangalifu, risasi iwe jambo la mwisho kabisa. Waziri wa Ulinzi, Robert McNamara, akaenda chumba cha operesheni cha Jeshi la Majini kumhoji mkuu wake, Admirali George Anderson: meli ikikataa kusimama mtafanya nini? Kwa mujibu wa simulizi analolitumia Allison, Anderson aliinua kitabu cha kanuni za jeshi hilo akamwambia kwamba yote yamo humo. Waziri alikuwa akizungumzia ujumbe wa kisiasa kwa Khrushchev, na admirali akizungumzia kazi ambayo jeshi lake linaijua vyema. Kila mmoja alikuwa sahihi pale alipokuwa amesimama.

Kielelezo cha tatu kinahusu siasa za ndani ya serikali. Juu ya taasisi wapo watu, na kila mmoja huyaona mambo kutoka kwenye kiti alichokalia. Wakuu wa majeshi walitaka mashambulizi. Kennedy alikuwa bado na kidonda cha uvamizi ulioshindwa Cuba mwezi Aprili 1961, na uchaguzi wa Bunge ulikuwa Novemba. Jeshi la Anga halikuweza kumhakikishia kwamba lingeyaharibu makombora yote. Kuzuia meli, kwa maelezo haya, ndiko walikofikia baada ya kuvutana na kuelewana.

Pingamizi hazikuchelewa. Mwaka 1972 mwanazuoni wa siasa Stephen Krasner aliandika kwamba rais ndiye anayechagua nani akae kiti gani na nani asikilizwe. Akaongeza hoja nzito zaidi: tukisema sera ni mazao ya maofisi, mpiga kura atamwajibisha nani? Hata hoja ya viti ina tundu. McNamara alikuwa Waziri wa Ulinzi, lakini hakusimama na majenerali. Kisha zikatoka kanda za mikutano ambazo Kennedy alizirekodi kwa siri. Zinamwonyesha tarehe 27 Oktoba akitaka kukubali kubadilishana makombora ya Cuba na yale ya Marekani yaliyokuwa Uturuki, wakati washauri wake wengi wanapinga. Usiku huo ndugu yake, Robert, alimwahidi balozi wa Kisovieti, Anatoly Dobrynin, kwa siri kwamba ya Uturuki yataondolewa. Toleo jipya la kitabu, lililotoka mwaka 1999 kwa ushirikiano na Philip Zelikow, lililazimika kuandika upya sehemu kubwa.

Kwa maoni yangu, kielelezo cha tatu kimeumizwa na kanda hizo, maana Kennedy anaonekana kuwa zaidi ya mmoja wa wavutanaji. Cha kwanza bado kinahitajika, kwani bila hicho hatuwezi hata kuuliza kiongozi alikusudia nini. Cha pili ndicho kilichosimama imara, nacho ndicho wasomaji wa habari tunachokihitaji zaidi, kwa sababu vita vinaweza kuanza pale ambapo hakuna aliyekusudia.

Mfano ni wa tarehe 27 Oktoba hiyohiyo: rubani wa U-2 nyingine, aliyetoka Alaska kukusanya sampuli za hewa katika kazi ya kawaida ya kufuatilia majaribio ya nyuklia, alipotea njia. Mianga ya anga za kaskazini ilimzuia kuzisoma nyota, akaingia anga ya Kisovieti huko Chukotka. Ndege za kivita za Kisovieti zikapaa kumkabili. Safari ilikuwa kwenye ratiba, na katikati ya hatari ile hakuna aliyekumbuka kuifuta. Katika barua yake ya tarehe 28, Khrushchev alimuuliza Kennedy tendo hilo lieleweke vipi.