Kabla ya Kumvusha Mtoto Mpaka

Kulea mtoto wa ndugu au wa jirani ni jambo la kale katika nchi zetu. Mtoto hupelekwa kwa bibi ili amsaidie kuteka maji, au kwa shangazi mjini apate kusoma, au kwa mjomba baada ya baba yake kufariki. Pengine hukaa huko mwaka mmoja, pengine hukaa mpaka akaoa au kuolewa. Hata hivyo hakuna anayedhani kwamba mtoto huyo ameacha kuwa wa wazazi wake. Ukoo wake ni ule ule, jina lake ni lile lile, na siku ya msiba wa kwao huitwa naye huja.

Kuasili ni jambo jingine kabisa. Kuasili ni amri ya mahakama inayokata uhusiano wa kisheria baina ya mtoto na wazazi waliomzaa, ikamfanya kuwa mtoto wa watu wengine sawasawa na yule waliyemzaa wenyewe. Haki ya kumlea, kumpa jina, kumwoza na kumrithisha huwahamia wazazi wapya. Tena mtoto anapovushwa mpaka kwenda nchi ya mbali, hata njia ya kumtembelea hukatika.

Tofauti hii ya kulea na kuasili yapasa ijulikane na kila mtu anayetaka kuasili mtoto kutoka nchi nyingine, na pia na kila mzazi wa huku anayeombwa atie kidole gumba kwenye karatasi. Wanaohusika si wageni peke yao. Wananchi wetu wengi wanaishi ng'ambo, na si ajabu ndugu aliyeko London au Boston kuandika nyumbani akiomba kumchukua mtoto wa marehemu kaka yake. Nia ni njema. Lakini nia njema haitoshi, na yaliyotokea hapa Uganda yanatufundisha hivyo.

YALIYOTOKEA UGANDA

Kwa miaka mingi sheria ya Uganda ilimtaka mgeni akae nchini miaka 3 na kumlea mtoto kwa muda huo kabla ya kuruhusiwa kumwasili. Wengi hawakuweza kungoja, wakatafuta njia ya mkato. Waliomba Mahakama Kuu iwape ulezi wa kisheria tu, wakasafiri na mtoto baada ya majuma machache, kisha wakakamilisha kuasili huko kwao. Ulezi, ambao kwa asili ni jambo la muda, ukageuzwa mlango wa kumtoa mtoto nchini moja kwa moja.

Palipo na haraka na fedha nyingi, walaghai hawakosekani. Mwezi wa Agosti 2020 Serikali ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, wakili mmoja na mshirika wake, ikiwatuhumu kuhusika katika mpango wa udanganyifu. Kwa maelezo ya Serikali hiyo, wazazi maskini wa vijiji vya mbali waliahidiwa kwamba watoto wao watapelekwa kusomeshwa Kampala. Kumbe watoto walionyeshwa kwa wageni kuwa ni yatima.

Katika miaka hiyo hiyo familia moja ya Marekani ilimchukua msichana mdogo kutoka Uganda ikiamini kwamba hana mtu wa kumlea. Mtoto alipojua Kiingereza cha kutosha, akaanza kueleza habari za mama yake, jinsi alivyokuwa akimtunza. Wazazi wale wakafanya uchunguzi wakakuta kwamba mama yu hai, na kwamba aliambiwa mwanawe amepata nafasi ya masomo tu. Mwaka 2016 walimrudisha kwa mama yake. Yapasa wasifiwe kwa uaminifu wao. Lakini tujiulize: je, mtoto angalikuwa mchanga asiyeweza kusema, nani angeuliza? Wahenga walisema kweli, uchungu wa mwana aujua mzazi.

Mambo haya si ya Uganda pekee. Mwezi wa Machi 2025 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Korea ya Kusini ilieleza kwamba, katika miongo ambayo nchi hiyo ilipeleka watoto wengi mno Ulaya na Marekani, kumbukumbu za baadhi yao zilighushiwa wakaandikwa kuwa ni yatima hali wana wazazi. Watoto wale leo ni watu wazima wenye mvi, na wengine bado wanatafuta kwao.

SWALI LA KWANZA

Kwa hiyo swali la kwanza la mzazi mtarajiwa lisiwe, "Tutampataje mtoto?" Liwe hili: "Je, mtoto huyu kweli hana watu?"

Neno yatima lisimdanganye mtu. Watoto wengi walio katika makao ya watoto wana mzazi mmoja au jamaa aliye hai. Wamefikishwa pale na umaskini, ugonjwa, au hamu ya shule. Mama aliyeshindwa kulipa karo hajamkataa mwanawe. Anahitaji msaada wa karo. Sheria ya Marekani yenyewe, kwa mfano, inaweza kumhesabu kuwa yatima hata mtoto aliyebakiwa na mzazi mmoja asiyeweza kumtunza, na kwa hiyo neno hilo katika fomu si ushahidi kwamba mtoto hana mama.

Mtarajiwa aulize mambo haya, na asiridhike na jibu la mdomo. Mtoto alifikaje katika makao, na nani alimleta? Ikiwa wazazi wamefariki, viko wapi vyeti vya vifo? Ikiwa aliokotwa, polisi waliandika nini, na tangazo la kuwatafuta jamaa zake lilitolewa wapi? Ndugu wa upande wa baba na wa upande wa mama wameulizwa? Na ikiwa mzazi yu hai na ametoa ridhaa, je, alielezwa kwa lugha anayoielewa, na mtu asiyenufaika na jambo hilo, kwamba mtoto hatarudi likizo, na kwamba mbele ya sheria hatakuwa wake tena?

Ridhaa iliyonunuliwa si ridhaa. Mtu akikuambia kwamba mzazi "ameshughulikiwa", au akikuomba fedha zisizo na stakabadhi ili jalada lisogee, ondoka hapo upesi.

SHERIA INASEMAJE

Mikataba mikubwa inakubaliana juu ya msingi mmoja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, na Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993 unaohusu hasa kuasili baina ya nchi na nchi, yote inataka mtoto atafutiwe kwanza familia katika nchi yake. Mkataba wa Afrika unasema wazi kwamba kumpeleka nchi nyingine ni hatua ya mwisho. Ile ya The Hague inataka tena kila nchi iwe na mamlaka moja kuu ya serikali inayosimamia kazi hiyo, na inakataza mtu kujipatia faida isiyo halali kutokana nayo.

Hapa Uganda, Sheria ya Watoto ilirekebishwa mwaka 2016. Ulezi wa kisheria sasa ni kwa raia wa Uganda. Mgeni anayetaka kuasili hana budi kukaa nchini angalau mwaka 1 na kumlea mtoto kwa muda huo chini ya uangalizi wa afisa wa ustawi wa jamii. Alete uthibitisho kwamba hana rekodi ya uhalifu, alete taarifa ya wenye mamlaka wa nchi yake kwamba anafaa kulea, na aithibitishie mahakama kwamba nchi yake itaitambua amri itakayotolewa. Shauri lake husikilizwa na Mahakama Kuu. Ni kweli kwamba mahakama inaweza kulegeza baadhi ya masharti kwa sababu za pekee. Lakini mtu asifunge safari akitumaini kwamba yeye ndiye wa pekee.

Mwaka huo mmoja wengi wanauona mzigo. Mimi nauona kuwa ulinzi, kwa mtoto na kwa wazazi pia. Katika mwaka mmoja jamaa aliyefichwa huonekana, ugonjwa usioandikwa hujulikana, na mtoto na walezi hupimana mioyo.

MILANGO MIWILI

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba njia hii ina milango miwili. Mahakama ya nchi ya mtoto hufungua mmoja. Idara ya uhamiaji ya nchi mnayokwenda hufungua wa pili. Amri ya mahakama peke yake si pasipoti wala si viza.

Ndugu zetu wa Kongo waliliona hilo. Mwezi wa Septemba 2013 Serikali ya Kongo ilisimamisha vibali vya kutoka kwa watoto walioasiliwa na wageni. Mamia ya watoto ambao tayari walikuwa wana wa watu kwa sheria walibaki katika makao, na wengi hawakusafiri hadi mwaka 2015 na 2016. Wapo waliojifunza kutembea huku wazazi wao wapya wakiwaona kwa picha tu.

Kwa ndugu aliyeko Uingereza: hata kama mtoto ni wa dada yako, na wewe ni raia wa Uganda, maadamu makazi yako ni huko, kumwingiza mtoto uliyemwasili karibuni bila kwanza kuchunguzwa na kuidhinishwa ni kosa la jinai. Anza na ofisi za huko kabla ya kununua tiketi ya ndege. Kwa aliyeko Marekani: hakikisha mtoto anapata uraia, na hati yake uihifadhi. Sheria ya mwaka 2000 inawapa watoto wengi wa kuasili uraia bila maombi mapya, lakini masharti yake hayana budi kutimizwa. Waliokuwa wametimiza miaka 18 sheria hiyo ilipoanza mwaka 2001 waliachwa nje, na baadhi yao walifukuzwa wakiwa watu wazima kwenda nchi wasiyoijua wala kuisema lugha yake.

Tena milango hufungwa. Rwanda ilisimamisha mwaka 2010 ili kutengeneza taratibu zake, Kenya mwaka 2014, Ethiopia ilipiga marufuku mwaka 2018, na China ikafunga mwaka 2024. Marekani, iliyopokea karibu watoto 23,000 katika mwaka 2004, ilipokea chini ya 1,300 katika mwaka wa serikali wa 2023. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata senti, ulizia ofisi ya serikali sheria ilivyo leo. Usimtegemee wakala wala habari ya mwaka juzi.

BAADA YA KUFIKA

Tuseme yote yamefanyika kwa haki, na mtoto amefika katika nyumba mpya. Asidhaniwe kwamba atashukuru siku ya kwanza. Amepoteza harufu ya jikoni aliyoizoea, usingizi wa pamoja na wenzake, na lugha yake. Mtoto mdogo huweza kuisahau lugha ya kwao kwa miezi michache asipoisikia. Pengine atalia usiku, atakataa chakula, au ataficha mkate chini ya mto. Hii si tabia mbaya. Ni msiba, na msiba hutaka subira.

Usimfiche asili yake. Mwambie mapema, kwa maneno ya umri wake. Mwachie jina lake, hata kama utaliongezea jingine. Tunza picha, jina la kijiji, majina ya waliomlea, na hati zote za mahakama, maana siku moja atauliza, na ana haki ya kujibiwa. Inapowezekana, peleka barua na picha kwa jamaa zake.

Kwa Waislamu, jambo hili lina mwongozo wake. Dini yao imehimiza sana kumlea yatima, lakini mtoto hubaki na nasaba ya baba yake. Malezi hayo huitwa kafala, na Mkataba wa Haki za Mtoto unayataja kuwa njia inayokubalika. Anayetaka njia hiyo aulize mapema kama nchi anamoishi itampa mtoto ruhusa ya kuingia kwa msingi huo, kwa kuwa baadhi ya nchi zinadai amri ya kuasili.

NJIA NYINGINE ZIPO

Wakati mwingine, baada ya maswali yote, itaonekana kwamba mtoto ana bibi mwenye nguvu za kutosha ila hana paa zuri, au ana mama anayehitaji mtaji wa genge. Hapo msaada bora ni paa na mtaji. Fedha zinazotumika kwa mawakili, hoteli na ndege zingeweza kumsomesha mtoto huyo pamoja na ndugu zake mpaka mwisho. Rwanda imeonyesha mfano: katika mpango uitwao Tubarerere mu Muryango, yaani tuwalee katika familia, watoto wengi waliokuwa katika makao walirudishwa kwa jamaa zao au wakapewa familia za Kinyarwanda.

Hata hivyo wako watoto ambao wametafutiwa watu kwa bidii wakakosekana, na hakuna familia ya nchini iliyojitokeza. Hao wasiachwe wakazeeke katika makao kwa sababu tu ya hofu yetu ya walaghai. Mzazi mwema kutoka nchi nyingine, aliyengoja, aliyeuliza na aliyefuata sheria, ni neema kwao.

Ndugu msomaji, akikujia mtu kijijini na karatasi ya kumpeleka mwanao kusoma mbali, usitie kidole. Mwambie mtangulie pamoja kwa afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, isomwe kwa lugha yako, neno kwa neno. Mwenye nia safi atakubali kwenda.